Barua kwa mwanangu Tumaini: tupo Tanga, na baba yako hachezei pensheni

Kamwene mwanangu,

Nimeona ulichoandika kwenye grupu la familia jana usiku. Nikaona na kaka yako kakuunga mkono kwa kile kikatuni chake cha kucheka machozi, na nikamwona baba yako anasoma, anasoma tena, halafu anaweka simu kifudifudi pale kwenye dashibodi bila kusema neno. Nikasema mi sitajibu kule kwenye grupu mbele ya mashangazi, nitamwandikia mwanangu mwenyewe. Nimekaa hapa kwenye ngazi ya Kosta yetu, hii basi tuliyoigeuza nyumba, miguu nje, chaji ipo maana sola leo imekula jua la kutosha, kwa hiyo jitengenezee chai usome mpaka mwisho, usiruke kama unavyorukaga meseji zangu.

Ati "wazee wanachoma kiinua mgongo kwa dizeli". Haya. Dizeli inachomeka kweli, sikatai, na hiyo "gesti yenye matairi" unayoisema ndo hiyo hiyo tunalala. Ila kuna jambo hulijui na baba yako hatakwambia, si unamjua, yule mtu ukimuuliza anaumwa wapi anakwambia mvua itanyesha. Mi ndo nakwambia.

Kwanza tuko wazima. Kile kitanda alichochomelea kaka yako kinalia kidogo nikijigeuza lakini tunalala, mtungi wa gesi haujaisha, tangi la maji tunajaza misikitini, makanisani, vituo vya mafuta, na hakuna aliyetunyima mpaka sasa. Jioni hatujiegeshi ovyo, tunaanza kwa mwenyekiti wa mtaa au mwenye kiwanja, baba yako anatoa kitambulisho anaanza na hadithi zake, mwisho wake tunapewa na mlinzi wa bure. Watoto ndo usiseme, wanazunguka gari wanachungulia sinki na mapazia, mmoja pale Korogwe akaniuliza "bibi, mmefukuzwa kwenye nyumba?" nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa tulipotoka Segera kuja huku Tanga mjini, tumefika Hale baba yako akasimamisha gari pembeni. Mi nikajua imechemsha. Nikamwambia Baba Tumaini fungua boneti tuangalie, akasema gari haina kitu. Akashuka, akavuka mtaro, akasimama anatazama mkonge. Mistari na mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, na wewe unajua mkonge hauna cha kutazama, si ua si mti, ni majani yamechongoka yanaangalia juu. Alikaa pale muda mrefu, malori yanapita yanatupigia honi. Akarudi akawasha gari. Muheza tukanunua machungwa, kwa kweli machungwa ya Muheza yana haki ya kujivunia, na hatukuongea tena habari ya mkonge mpaka jana.

Jana ndo ilikuwa siku ya kutembea, maana nilimwambia mi sikutoka Makambako kuja kuangalia pancha, nataka kuona vitu. Asubuhi tukaacha gari Raskazoni tukapanda bajaji mpaka Ngamiani. Mama, ule mji umepangwa! Barabara zina namba, ya kwanza, ya pili, inaenda hivyo mpaka ya ishirini na moja, hata mi nisiyejua ramani siwezi kupotea. Na baiskeli! Wazee wenye kanzu kwenye baiskeli, akina mama na mabuibui yao nyuma ya baiskeli wamekaa upande, wanafunzi, muuza samaki, wote wanapitana taratibu hakuna anayemtukana mtu. Tukakaa kwenye benchi la mama mmoja tukala mahamri na mbaazi za nazi. Nilikula mahamri mengi, sitaji idadi maana unajua sukari yangu utaanza kunisema, ila zile mbaazi zilikuwa zimekolea nazi mpaka mafuta yanaelea juu, na yule mama aliponisikia naongea tu akajua si wa huku, akasema "waja leo waondoka leo", wenyewe ndo wanavyousema mji wao, akaniongezea kijiko kingine bila kunidai.

Baada ya hapo tukarudi kuchukua Kosta tukaenda Amboni. Kutoka mjini ni kama kilomita nane, njia ya kwenda Horohoro, halafu unakata kushoto njia ya vumbi ya Kiomoni, na hapo ndo matawi yalianza kukwaruza paa nikawa naomba Mungu tu ile sola isibaki juu ya mwembe. Ulisoma habari za Amboni shuleni, najua, maana nilikufundisha mimi mwenyewe darasa la tano, nilikuwa nasema "mapango ya chokaa" naandika ubaoni na maisha yangu yote sijawahi kuona pango. Walimu wa nchi hii tunajua kufundisha tusivyoviona, ni kipaji.

Basi kijana wa kutuongoza akatupa tochi, akasema mapango yako kumi ila wageni wanaingizwa moja tu. Mlangoni pana baridi inakupiga usoni hapo hapo wakati nje unatoka jasho. Unainama, unapanda, unatelezateleza, kuna mahali unapita kwa kiuno na mi kiuno changu unakijua, baba yako alinivuta mkono yule kijana akanisukuma kwa heshima zote. Ndani wanakuonyesha mawe, hili mamba, hili kochi, hii ramani ya Afrika, na kweli ukimulika kwa pembeni unaiona ramani, hata Madagaska unaweza ukaitafuta ukiwa na imani. Juu popo. Popo wengi mpaka dari inatembea, na mavi yao ndo unayakanyaga, kwa hiyo ukija vaa viatu vya kufunga usije na hizo sendozi zako.

Kijana akatusimulia Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, wale waliokuwa wanawasumbua wakoloni miaka ya 1950 wanajificha humu, wanawapora matajiri wanawagawia maskini, serikali ikawaita majambazi na wananchi wakawaficha. Akatusimulia na ya mbwa, kwamba Wazungu wawili waliingia humu na mbwa wao hawakutoka, mbwa akaja kuonekana chini ya Kilimanjaro. Baba yako akamuuliza "mbwa alijitambulishaje?" Kijana akacheka, akasema wataalamu walikuja kupima wakakuta pango hata kilomita haifiki. Nikapenda kwamba alisema mwenyewe, wengine wangekuachia mbwa wao afike mpaka Nairobi.

Kuna sehemu ya mzimu, wanauita Mabavu. Hapo kijana alishusha sauti hakuongeza mbwembwe. Watu wanakuja kuomba, hasa wasiobahatika kupata mtoto, wanaacha vitu vyao. Nilimulika nikaona vitambaa vyekundu na vyeupe, sarafu, majivu ya ubani, na kichupa cha marashi ya waridi kimejaa, kifuniko hakijafunguliwa, kimewekwa vizuri kimesimama wima kwenye kijishimo cha jiwe. Mwanangu mi ni Mlutheri na mambo hayo sikubaliani nayo, unajua. Ila kile kichupa nilikitazama. Kuna mtu alikinunua dukani akalipa, akakibeba akainama humu gizani mpaka hapa, akatafuta mahali pa kukisimamisha kisianguke. Mi nilikaa miaka kabla ya kukupata wewe, kwa hiyo huyo mtu sikumcheka.

Tulivyokuwa tunatoka baba yako akauliza swali ambalo mi sikulielewa. Akamwambia kijana, "Manamba walikuwa wanakuja humu?" Yaani wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Kijana akashangaa kidogo, akasema labda, maana huku kote kulikuwa mashamba ya mkonge, sasa wewe mzee una ndugu alikuwa manamba? Baba yako akasema tu "aah, nauliza."

Tukapita Galanos kwenye maji moto ya kiberiti, sitakuchosha, yananuka yai viza, watu wanasema yanatibu ngozi, nikanawa magoti maana ndo yananisumbua na leo nimeamka nayo vile vile. Nilitaka turudi mjini nikalale. Baba yako kashika usukani, badala ya kukata kwenda Raskazoni akashika barabara ya Muheza. Nikamuuliza tunaenda wapi, akasema Pongwe. Pongwe kuna nini? Mkonge. Nikamwambia Baba Tumaini mkonge tumeshauona Hale mpaka malori yakatupigia honi. Hapo ndo akaniambia. Tumeoana miaka yote hii, watoto mmekua mmezaa, na jambo hili analitoa akiwa ameshika usukani anaangalia mbele.

Unakumbuka marehemu bibi yako, mama yake baba yako, akikutuma dukani ukachelewa alikuwa anakwambiaje? "Umeenda Tanga?" Wote mlikuwa mnaambiwa hivyo, hata mi nikiwa bado bibi harusi nilichelewa kisimani nikaambiwa "wewe, umeenda Tanga?" nikaona ni maneno tu ya wazee wa Njombe. Kumbe baba yake bibi, yaani babu yake baba yako, ndiye alienda Tanga. Alichukuliwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944 kukusanya vibarua, walikuwa wanakuja mpaka kwetu Njombe, Songea, Kigoma huko, wanabeba wanaume kwa mkataba. Alienda mara ya kwanza akarudi na blanketi, na pesa ya kodi ya kichwa. Akaenda mara ya pili. Bibi yako alikuwa kasichana kadogo, akaambiwa baba ameenda Tanga, na hilo ndo neno la mwisho alilowahi kuambiwa habari za baba yake. Hakuna barua, hakuna aliyekuja kusema amekufa. Kumbe kila akituambia sisi "umeenda Tanga" alikuwa anasema kitu chake.

Na kabla hajafariki, bibi alimwambia baba yako, siku ukipata nafasi nenda kaone huko Tanga kukoje. Si kamtafute, hapana, alijua hayo hayawezekani. Kaone kukoje. Baba yako akaajiriwa, mkasoma, mkaugua, mkaolewa, nafasi haikupatikana mpaka alivyostaafu. Sasa hiyo Kosta unayosema tungenunulia kiwanja Dodoma.

Tukafika shambani, jina la shamba naliacha. Msimamizi alikuwa kijana mstaarabu, baba yako akajieleza, akaturuhusu tuone, akasema tu tusiguse mashine. Kiwanda chenyewe huku wanakiita korona, walikuwa wanakiita hivyo kabla ya ule ugonjwa, msimamizi akasema kipindi kile kila aliyeandika "naenda korona" alikuwa anapigiwa simu na ndugu zake. Mabunda ya majani yanapandishwa kwenye mkanda, yanaingia kwenye mashine inayaponda na kuyakwangua huku maji yanamwagwa, kelele husikii hata unachofikiri, upande huu linaingia jani la kijani zito upande wa pili zinatoka singa ndefu nyeupe zinadondosha maji, na chini linamwagika tope la kijani lenye harufu chachu inaingia mpaka kwenye nguo. Nikauliza kiasi gani cha jani kinakuwa katani, nikaambiwa katika kilo mia ya majani unapata kama kilo nne. Zingine zote tope. Halafu akina mama wanabeba zile singa zikiwa mbichi wanaenda kuzianika kwenye waya, uwanja mzima, zinapepea, ukiwa mbali unaona nguo za harusi.

Msimamizi akatuitia mzee mmoja anayekaa kambini, amezaliwa hapo hapo shambani, zamani alikuwa mkataji. Kaja na fimbo na kofia ya kiua. Baba yako, sijui ni nini kilimwingia, badala ya kumwamkia shikamoo akasema "Kamwene." Yule mzee akasimama. Akasema "Kamwene!" Akarudia, "Kamwene, kamwene," anacheka, mkono kaushika hauachii. Baba yake alikuwa Mbena wa kutoka Njombe, mama yake Mbondei wa hapa hapa. Tukajaribu kumwongelesha Kibena kidogo, hana. Ana hiyo salamu peke yake, na baada ya hapo Kiswahili cha Tanga kimenyooka, "wee mwanangu wee", "yakhe".

Tukakaa chini ya mwarobaini akatusimulia. Wakifika walikuwa wanapewa namba na kadi, kipande wanakiita, kina siku thelathini. Unaingia shambani alfajiri na kisu, unakata majani, unachonga ile miiba ya ncha, unafunga bunda, bunda moja majani thelathini, na unapangiwa mabunda mangapi kwa siku. Ukimaliza wanakuwekea alama kwenye kipande, usipomaliza ile siku haipo, hata kama umekata kutwa nzima. Majimaji ya mkonge yanawasha ngozi, akakunja mkono wa shati akatuonyesha, na kwenye kiganja kuna kovu la mwiba ulioingia ukavunjikia ndani enzi hizo, ukipapasa unausikia. Akamwambia baba yako, papasa. Baba yako akapapasa.

Alivyokuwa kijana, anasema, mkonge ulikuwa ndo Tanga na Tanga ndo mkonge, na hapo hajatia chumvi maana nilikuwa naifundisha hiyo, mwaka 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000, dunia nzima ilikuwa haitufikii. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, mengine yakafa yakawa msitu, siku hizi ndo yanafufuka fufuka. Na mzee akatuambia na asili yake, kwamba mkonge si wa kwetu, aliuleta Mjerumani mmoja, Hindorf, mwaka 1893, alitumiwa miche elfu moja kutoka Florida huko Marekani, ilipofika ilikuwa hai 62 tu, akaipanda Kikogwe, ng'ambo ya Pangani. Miche 62! Wenyewe wanapenda kusimulia kwamba ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, hiyo ya mamba mi naiweka pamoja na mbwa wa Amboni. Ila hiyo 62 ilinikaa kichwani. Yaani vile vichipukizi sitini na mbili ndo vikaja kumtoa mtu Njombe.

Baba yako akauliza alichokuja kuuliza. Akataja jina la babu. Mzee akafikiri sana, hakukurupuka, nikamheshimu kwa hilo, akasema akina huyo jina walikuwa wengi na mashamba ni mengi, Korogwe, Muheza, Pangani, Ngomeni, bila kujua namba yake ya kipande au shamba gani huwezi. Wasiokuwa na ndugu walikuwa wanazikwa pembeni ya kambi. Akatupeleka akatuonyesha. Pana mihogo, pana mikorosho miwili, misalaba ya mbao anasema ilishaliwa na mchwa zamani. Watoto walikuwa wanacheza mpira hapo karibu, ukaja miguuni kwa baba yako akawarudishia.

Sikutaka kukuliza, na yeye hakulia, kwa hiyo usianze. Alimwachia mzee hela ya sukari, mzee akampa furushi la singa kavu, akasema "mpelekee Njombe waone". Njiani kurudi alikuwa anaongea, Tumaini, anaongea mpaka nikachoka, kuhusu korona, kuhusu ile mistari, jinsi gani mtu anayetoka kwenye baridi yetu ile alilala kwenye joto hili. Raskazoni tukaoga baharini jua linazama, akanionyesha ufukwe akasema hapo hapo ndo Waingereza walishuka Novemba 1914, wanajeshi kama 8,000, wengi Wahindi, wakafukuzwa na jeshi la Wajerumani la watu kama elfu moja hivi, wengi wao askari weusi, na nyuki wakasaidia. Hiyo alikuwa ananisimulia kunifurahisha mimi mwalimu. Halafu akakaa kwenye ngazi, akachukua zile singa akaanza kuzisokota pajani, hata sikujua anajua, akatoa kamba ya nguvu, akafungia ule mlango wa kabati la vyombo ambao kitasa cha kaka yako kilishakataa kuanzia Iringa. Haujafunguka tena. Mwambie kaka yako.

Ndo akaingia ndani jana hiyo hiyo usiku, akashika simu ili atume picha ya korona kwenye grupu, akakutana na maneno yako ya dizeli.

Picha hakutuma.

Sikwambii umuombe radhi, tena usifanye hivyo kule kwenye grupu, utamkera zaidi. Mpigie Jumapili mchana, tutakuwa Pangani, mtandao upo. Usimuulize mtarudi lini wala gari inakula lita ngapi. Muulize habari za mkonge, anza na yale mabunda, ukianzia hapo mwenyewe atafunguka. Jumatatu tunataka kuvuka kwa kivuko kwenda Bweni ili afike Kikogwe akaone ilipopandwa ile miche, mi nilikuwa nataka kwenda kuona magofu ya Tongoni lakini nimemwachia, magofu yapo tangu enzi za akina Vasco da Gama hayataondoka wiki hii.

Na kuna kazi nakupa. Pasaka ukienda Makambako, chini ya kitanda cha chumba cha nyuma kuna sanduku la bati la marehemu bibi. Ufunguo anao mama yako mdogo. Kuna makaratasi yake humo, ya kanisa, ya kodi, picha, mengine sijawahi kuyagusa. Pitia moja moja, ukiona karatasi au kadi yoyote ya zamani yenye namba au jina la shamba, au chochote kilichoandikwa Tanga, Korogwe, Muheza, piga picha pande zote mbili unitumie mimi, si kwa baba yako kwanza, tusimpe matumaini ya bure. Usikunjue yaliyokauka yatavunjika, piga hivyo hivyo. Na ukimaliza rudisha naftalini, mara ya mwisho dada zako walifungua wakaziacha nje, panya wakaingia kwenye mablanketi.

Msalimie baba watoto, mbusu mjukuu wangu, mwambie bibi amemwekea machungwa ila kwa joto hili sina uhakika kama yatafika.

Mama yako